Daktari wa Panya

Jina lake nalijua, na la baba yake, na la babu yake, lakini sitaandika hata moja. Anayetaka ukoo wa mtu hapa Isiolo hakosi pa kuuliza. Popote penye chai atapata wazee wawili wa kumtajia mpaka kisima ambacho babu wa mtu huyo alinyweshea ng'ombe. Mimi nitamwita Daktari, kama mji unavyomwita akiwa anasikia. Akishapita, mji unamwita Daktari wa Panya. Hilo la pili nililitunga mimi.

Na mimi ni nani? Shule niliishia darasa la nne. Nilianza na punda mmoja wa kubeba maji, na punda mwenyewe alikuwa wa kukodi. Leo ukiona lori limebeba ngamia kutoka Garbatulla, limeandikwa maneno mekundu mbele, usiulize ni la nani. Jengo la kijani karibu na soko la mifugo, hoteli chini, vyumba juu, ni langu, na hakuna jiwe lililoingia pale bila mimi kusimama nikaliangalia likiingia. Nimehiji. Hata watu wa kanisani wananiita Haji. Nasema haya kwa kujisifu, kwa nini nifiche? Lakini nasema pia ili ujue aliyekuja kukaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwa Daktari, shingo imefungwa skafu kama mtu wa baridi ya Nyahururu, alikuwa mtu gani kabla hajakaa. Nina kansa ya koo. Nilikwenda kumwomba uhai wangu, na nilikwenda nikiwa nimeuharibu kwanza kwa maneno yake mwenyewe.

Daktari ni jirani yangu; ukuta wa nyumba ya mama yake na wangu ni mmoja. Kazi yake iko Nairobi, kwenye maabara ya chuo, na kila likizo na kila Idd huja nyumbani. Ni mwanamke mdogo wa mwili, anatembea haraka kama aliyeacha maziwa jikoni yanachemka. Ukimkaribisha chai anatoa kikombe chake mwenyewe kwenye mkoba. Mke wangu alinuna siku ya kwanza.

"Anatuona sisi wachafu," akaniambia jikoni.

Daktari akamsikia. "Mama, si nyinyi. Kazini ukinywa kwa chombo usichojua kilibeba nini jana, kesho hauko. Sasa mkono umezoea, hata kwa mama yangu nabeba."

Mke wangu akaosha kikombe kile mwenyewe, akakijaza, na tangu hapo wakawa marafiki. Mimi niliendelea kununa kidogo, kwa sababu vikombe vyangu ni vya kutoka Dubai.

Jambo jingine lililonishinda kwake ni neno "sijui". Analisema hivyo hivyo, mbele za watu, bila kukohoa kwanza. Mimi sokoni ukiniuliza umri wa ngamia ambaye sijawahi kumwona nitakuambia, na nitakuambia na mama yake alikuwa na tabia gani. Mtu akisema "sijui" pale, mnunuzi anahamia kwa jirani. Siku moja mzee mmoja wa Merti alimuuliza hotelini kwangu kama kansa inatokana na chai ya moto au na maji ya visima.

"Sijui, mzee wangu. Kuna wanaochunguza. Mimi sijui."

Mzee akanigeukia. "Haji, na huyu alisoma miaka yote hiyo?"

Watu wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Daktari naye alicheka. Nilidhani anajikaza.

Usidhani nataka kumpamba. Ana ulimi mkali. Kila akifika, watu hupanga foleni mlangoni kwao: huyu na mgongo, huyu na mtoto, huyu na karatasi za hospitali kwenye mfuko wa nailoni. Anawafukuza. "Mimi si daktari wa watu! Nendeni hospitali!" Kuna mama aliyekuja kutoka Biliqo, akasafiri na lori la mbuzi kwa ajili yake, na Daktari akamwambia maneno hayo hayo kisha akafunga geti. Hakumfungulia tena. Mimi nilikuwa juu ya paa langu nakagua tangi la maji, nikaona pande zote mbili za geti: yule mama amekaa chini kwenye kivuli cha ukuta, na huku ndani Daktari amesimama, paji la uso limegusa bati la geti, hatoki wala hasogei. Nikasema moyoni, elimu imemtoa utu. Niliyasema hotelini pia.

Na ana woga. Mtu wa dawa, lakini sindano anaiogopa kama fisi. Mwaka tuliokwenda Hija pamoja na mama yake, tulipanga foleni ya chanjo, na ilipofika zamu yake alishika mkono wa mama kwa nguvu mpaka bangili zikagongana. Machozi yakatoka. Nesi akamuuliza, "Na wewe kazi yako ni gani?" Akajibu, "Natengeneza dawa." Nesi akaangalia dari. Mimi nilitoa mkono wangu bila kuangalia kando, nikahakikisha kila mtu ameona.

Sasa niseme kazi yake, kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa.

Alikuja sokoni siku ya kupakia. Ngamia wanapokwenda Nairobi tunawakalisha ndani ya lori, tunakunja mguu wa mbele, tunaufunga goti kwa kamba. Ngamia aliyefungwa goti hawezi kuinuka. Anaweza kupiga kelele, anaweza kukutemea, lakini hainuki, na hakanyagi mwenzake mpaka mwisho wa safari. Daktari alisimama akaangalia mpaka jua likampata kichwani. Halafu akapiga magoti kwenye vumbi na mavi ya mbuzi, na buibui lake zuri, akaniambia, "Haji, nifungie tena. Polepole."

"Kamba?"

"Fundo."

Nikamfungia kwenye mkono wangu mwenyewe. Wapakiaji wakaanza kupiga miluzi. Mmoja akasema kwa sauti, "Haji anaoa!" Daktari hakusikia, au alisikia akaacha.

"Wewe unataka fundo la nini? Huko Nairobi mna ngamia?"

"Nina mmoja ambaye hakubali kufungwa," akasema, akaketi juu ya gunia, akanieleza. Sitasahau alivyonieleza, kwa sababu sijawahi kuelezwa kitu na msomi nikakielewa mara moja.

Alisema dawa za kansa ni kali. Zinaua kansa na zinamuua mwenyewe, nywele zinatoka, tumbo linakataa. Kwa sababu dawa ikishaingia kwa damu inazunguka kila mahali, kama ngamia aliyeachiliwa katikati ya mji: atakanyaga nyanya za huyu na mtoto wa yule. Yeye anatengeneza molekuli, yaani kipande cha dawa kidogo kabisa, na anaifunga goti. Inapanda damu kama lori, inapita mwili mzima, inaingia mpaka ndani ya seli zilizo hai, na haimdhuru mtu. Halafu mgonjwa analazwa chini ya mashine ya mionzi. Mionzi wanailenga pale penye uvimbe tu. Ikiingia ndani ya seli inapiga maji yaliyomo, na maji yanatoa vipande vikali sana, vinaishi muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Vipande hivyo ndivyo kisu. Vinakata kamba.

"Na ngamia anainuka pale pale," nikasema.

"Pale pale. Ndani ya adui. Kwingine kote bado amefungwa."

"Sasa shida iko wapi? Funga, peleka, kata."

"Kamba, Haji. Ikilegea, damu yenyewe inaifungua na ngamia anainuka njiani. Ikikaza sana, hata mionzi haiikati. Nataka kamba inayokatika kwa kisu kimoja tu duniani. Nimeshafunga nyingi. Kwenye chupa zinakubali, kwenye seli zinakataa. Zikikubali kwenye seli, kwa panya zinakataa."

"Panya?"

"Tunajaribu kwa panya kwanza."

Hapo ndipo niliposhika. Aliondoka na kipande cha kamba yangu mkobani, kimefungwa vile vile, na jioni hotelini nikasimama kati ya meza nikatangaza kwamba mji mzima umekuwa ukihangaika mlangoni kwa mtu ambaye wagonjwa wake wana mikia. Daktari wa Panya! Chai ilimwagika kwa kicheko. Kufika Idd jina lilikuwa limefika Kipsing.

Alilisikia. Alikuja hotelini, akasimama mlangoni, akanisalimia, "Salaam aleikum, Haji. Panya wangu wanakusalimu sana. Wanauliza wewe utawatembelea lini." Watu wakafa kwa kicheko. Nilimjibu nini sikumbuki. Lakini nakumbuka mama yake hakupokea salamu yangu mpaka Ramadhani.

Koo lilianza na nyama. Kila mtu anajua mimi na mbavu za mbuzi; sahani ikifika mbele yangu hairudi na kitu. Ikawa kipande kinasimama hapa, chini ya koo, kinakataa kwenda mbele wala nyuma. Nikahamia wali. Wali nao ukasimama. Nikaenda Meru kimya kimya, wakanimezesha mpira wenye kamera, wakasema kansa, wakaandika niende Nairobi kwa mionzi. Mionzi! Nilikaa ndani ya gari nje ya hospitali nikashindwa kuwasha. Nairobi nitakwenda vipi bila kupita kwa mtu mmoja ninayemjua anayejua mionzi? Na huyo nitamwendea na uso gani?

Kwa hiyo nilifikiri. Na hii ndiyo sehemu ninayoona haya kuiandika kuliko zote, kwa sababu wakati ule nilijivuna nayo.

Sisi tuna moto wetu. Ngamia akivimba tunamchoma chuma. Mtoto akiwa na macho ya manjano anachomwa. Mgongo wa mzee unachomwa. Nikajiambia: mionzi ni nini kama si moto? Daktari amekwama kwenye kamba miaka yote hii kwa sababu hajui kufunga wala kuchoma. Mimi nitakunywa dawa ya mizizi, ile chungu, nitaiacha iingie kwa damu mpaka ifike kila mahali, halafu nichomwe hapa, penye ugonjwa, iamke pale pale. Nilijiona nimemtangulia. Nilijiona nikisimama hotelini nikitangaza.

Mzee wa kuchoma yuko upande wa Garbatulla. Alichoma ngamia wa baba yangu. Nikamwambia angoje kwanza mpaka nitoe jasho.

"Haji," akasema, chuma kikiwa chekundu mkononi, "tangu nianze kazi hii hakuna mtu aliyenipangia wakati."

"Ni mambo ya kisasa, mzee. Wewe choma."

Alichoma. Alama ziko tano, kutoka pale mifupa ya shingo inapokutana kushuka kifuani. Sikulia. Nilihakikisha sijalia, ingawa tulikuwa wawili tu. Alama mbili za chini zikatunga usaha, na koo likazidi kuziba. Nikanunua skafu. Nilimwambia mke wangu nimechomwa na mvuke wa rejeta ya lori, akanipaka asali bila kuuliza swali, na mwanamke asiyeuliza swali anajua.

Ndipo Daktari akaja likizo. Nilikwenda kwake asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, kabla foleni haijaanza. Alikuwa barazani anamwagilia nyanya zilizopandwa kwenye mikebe. Akanivutia kiti cha plastiki. Akaniletea chai ya maziwa ya ngamia na mkate, akakaa, akaniangalia nikichovya mkate mpaka ukageuka uji.

"Kunywa polepole," akasema. "Nilijua tangu harusi ya binti wa imamu. Nyama ilikuja mbele yako ukampa jirani, ukasema umeshiba. Haji, wewe umewahi kushiba?"

Nilitaka kucheka, kikatoka kikohozi. Kilipotulia nikafungua skafu. Sikujua nitaanzaje kwa maneno, kwa hiyo nilianza kwa kuonyesha.

Hakupiga kelele. Alienda akanawa mikono, akarudi, akainama, hakugusa. "Nani alikupangia hivi?"

Nikamweleza yote: mizizi, kungoja, chuma. Jinsi nilivyokuwa nikieleza, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiwa ya mtu mwingine, mtu mjinga anayeuza kitu.

"Ulingoja jasho kwa nini?"

"Nikajua ikifika kwa jasho imeshafika kwa damu."

"Haji, ungesoma ungenisumbua sana," akasema. Halafu uso ukabadilika. "Lakini ile mizizi haikuwa imefungwa na mtu. Na chuma kinaishia kwa ngozi. Ugonjwa wako uko ndani, umekaa tu, unakuangalia ukichomwa."

Nikaangalia chini.

"Nami sikukuambia," akaendelea, na sasa sauti yake ndiyo ilikuwa chini. "Nilimpenda sana yule ngamia wangu. Nimewaeleza wanafunzi, nimewaeleza wageni, kila mtu anafurahi. Sikukuambia ule mfano unaishia wapi. Ningekaa pale kwa gunia kidogo tu zaidi nikakuambia."

Sikumjia ajilaumu. Nilikuja kwa kitu kingine, nikakisema. "Daktari, nipe yako. Ile uliyofunga."

"Bado."

"Kidogo tu. Nitatia sahihi popote. Nitakuchinjia ngamia wawili, watatu, mji mzima ule."

"Haijaingia kwa mtu hata mmoja. Juzi imekubali kwa panya, na si wote."

Ndipo mimi, mwenye jengo la kijani, nikasema, "Basi nifanye mimi panya."

Nilidhani atacheka. Alikuwa na haki. Angecheka ningesamehewa, tungekuwa sawa. Hakucheka. Alitoa kitu mkobani, chini ya kile kikombe chake, akakiweka mezani kati yetu: kamba yangu, bado na fundo, imekuwa nyeusi kwa kushikwashikwa.

"Panya hakuniambia ndiyo," akasema. "Wewe unaniambia, kwa kuniamini. Nikikupa, ikifunguka njiani, nitakuwa nimekuua kwa jina la dawa. Yule mama wa Biliqo, unamkumbuka? Naye alikuwa na kansa. Ulikuwa juu ya paa, nilikuona. Ningefungua geti ningempa. Nilikuwa na chupa ya dawa ile ndani ya gari. Sikuweza kumwangalia usoni nikasema bado." Akarudisha kamba mkobani. "Wewe nimekufungulia. Kwa hiyo nakuambia usoni. Bado."

Nikasogeza kikombe cha chai mbali nami.

"Mionzi yenyewe iko," akasema. "Haingoji dawa yangu. Watu wanatibiwa nayo kila siku, na wengine wanapona. Lakini hawawezi kuipitisha kwenye ngozi yenye kidonda hivi. Lazima wajue." Akapiga simu, akasalimiana na mtu wa hospitali Nairobi, akasema ana jirani yake, akaninyooshea simu. "Mwambie mwenyewe."

"Mwambie wewe. Wewe unajua maneno."

"Mimi si daktari wa watu, Haji."

Nilishika simu. Nilikuwa nimeshatayarisha ile ya mvuke wa rejeta, iko ulimini kabisa. Sauti ya kijana ikauliza ni kidonda cha nini. Daktari alikuwa ameshaondoka kurudi kwa nyanya zake, amenipa mgongo, mkebe wa maji mkononi, na maji hayamwagiki.

"Nilichomwa chuma," nikasema. "Nilijipeleka mwenyewe."

Kijana hakusema pole wala hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Ngozi imefunga?"

"Tatu zimefunga. Mbili bado."

Akanipangia siku ya kwenda. Maji ya Daktari yakaanza kumwagika.

Nilipoondoka niliacha skafu pale kwenye kiti, sitasema nilikusudia. Alinisindikiza mpaka getini, akalifungua wazi lote, na nje walikuwa wameshaanza kukaa kwenye kivuli cha ukuta, wale wa mgongo na wale wa karatasi. Ng'ambo ya barabara hoteli yangu ilikuwa imejaa watu wa chai ya asubuhi. Mmoja akaniona, akasimama na kikombe chake cha Dubai.

"Haji! Shingo imefanya nini? Ni panya wamekung'ata?"

Kicheko kikapita meza zote. Nikamtazama Daktari, naye akawa anatazama geti lake. Basi nikavuka barabara, nikasimama kati ya meza, pale pale niliposimama siku ile, na nikawajibu kwa sauti yote iliyobaki: nilichomwa chuma, nilijipeleka mwenyewe.